Kijiko Gani? Namna ya Kuandika Maelezo ya Kazi



Sisi ma-kapita wa mwaka wa sita tulipewa kazi moja ambayo tuliidharau. Mwalimu alitaka tuandike, kwenye nusu ya karatasi, namna ya kutengeneza maji ya sukari na chumvi kwa mtu mwenye kuhara. Nani asiyejua hiyo? Tulimaliza kwa dakika kumi. Tuliandika hivi: «Kamata chupa ya maji, tia vijiko sita vya sukari na chumvi nusu. Koroga, kisha nywesha mgonjwa. Maji yachemshwe. Vijiko visijazwe sana.»

Basi mwalimu akaita watoto watatu wa mwaka wa kwanza, akawapa karatasi yetu pamoja na vyombo vya jikoni. Sisi akatukataza kufungua kinywa. Hapo tuliona haya.

Wa kwanza alikamata kijiko cha supu. Kijiko hicho kinabeba mara tatu ya kile cha chai. Wa pili alichagua kijiko cha chai, lakini akakijaza mpaka sukari ikafanya mulima, sababu onyo letu tuliliweka chini kabisa. Alipolifikia, sukari ilikwisha kuingia. Halafu akataka kupeleka yote motoni, kwani katika karatasi yetu kuchemsha kulikuja nyuma ya kukoroga! Wa tatu akauliza: «Chumvi nusu, nusu ya nini?» Tukanyamaza. Akatia nusu ya kikombe. Tulipoonja kidogo, ilikuwa makayabo kabisa.

Tulicheka. Mwalimu hakucheka. Alituuliza kama mgonjwa angekuwa mdogo wetu, tungecheka? Chumvi ikizidi inadhuru mtoto vibaya, na sukari ikizidi inaongeza kuhara. Na kipindupindu hapa Kongo si hadithi. Mwaka 1994, katika kambi za wakimbizi za Goma, watu maelfu walikufa katika majuma machache. Ugonjwa huo unaweza kumaliza mtu mzima kwa saa chache tu, kwani maji yote yanamtoka.

Kuna kosa lingine ambalo hakuna mmoja wetu aliliona. Tuliandika «chupa». Chupa iliyokuwa mezani ni ya Primus (jikoni wanaiwekea mafuta, msitufikirie mabaya). Hiyo inabeba sentilitre 72, na kipimo cha kweli ni cha litre 1. Kwa hiyo hata yule angepima vijiko muzuri, maji yake yangekuwa na chumvi kupita kipimo kwa zaidi ya theluthi moja. Kila mwandishi anaona chupa yake katika kichwa chake, na msomaji anaona ile iko mbele yake.

Tulikuwa pia tumeacha kusema sababu. Tulidhani sababu ni mambo ya kitabu cha biolojia. Lakini mama mmoja akikosa sukari atasema: sukari ni ya kuleta utamu tu, tuweke chumvi peke yake. Kumbe matumbo yanapokea chumvi pamoja na sukari, na maji yanafuata hizo mbili kuingia mwilini. Ukimweleza hivyo kwa mstari mmoja, hataiacha. Si kila kazi inaomba sababu. Kwa kufagia dortwari amri inatosha. Lakini pale mtu anaweza kupunguza kitu akifikiri hakina kazi, sababu iandikwe.

Mwalimu alitupa mfano wa Bangladesh. Tangu mwaka 1980 mpaka 1990, shirika la BRAC lilituma wanawake nyumba kwa nyumba kufundisha akina mama maji haya. Wengi hawakujua kusoma wala hawakuwa na vijiko vya namna moja, basi walipima chumvi kwa ncha za vidole vitatu na sukari ya miwa kwa konzi ya mkono. Na mshahara wa mfundishaji ulifuata vile akina mama waliweza kukumbuka na kutengeneza nyuma yake kuondoka. Sisi wanafunzi tungelipwa namna hiyo, wengi tungelala njaa.

Tumeandika upya. Karatasi inasema sasa: «Ukipata pakiti ya SRO kwenye kituo cha afya, tumia hiyo. Ukikosa: nawa mikono. Pima litre 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Tumia kijiko kidogo cha chai, na kila mara ukisawazishe juu kwa kisu. Tia sukari vijiko 6. Tia chumvi nusu ya kijiko hicho hicho. Koroga mpaka vyote viyeyuke. Onja: yakipita chumvi ya machozi, mwaga, anza tena. Nywesha kidogo kidogo kila mara anapohara. Akitapika, ngoja dakika 10, endelea polepole. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Kisha saa 24 mwaga yaliyobaki. Akilegea, ao akishindwa kunywa, mpeleke kwa munganga mara moja.»

Watoto wawili wameijaribu bila kutuuliza neno. Mmoja alikwama kwenye «usawazishe», akashika kisu bila kujua akikate nini. Neno hilo tunalitafutia lingine. Karatasi iko kwenye mlango wa infirmeri. Wa mwaka wa kwanza na wa pili wapite kuisoma na kutuonyesha pahali wanakwama, mbele ya vakansi, kwani kila mmoja ataibeba nyumbani kwao.