Maiki, gitaa na bati la Masoko

Rungwe ni miongoni mwa wilaya zenye mvua nyingi zaidi Tanzania. Eneo la Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Aprili ikifika, mtu wa Masoko, kule karibu na ziwa la volkeno, hufurahi akipata saa mbili za mchana ambazo bati la nyumba yake limenyamaza. Nyumba nyingi zimeezekwa kwa mabati, na si zote zina dari. Humo ndimo kijana mwenye gitaa hutaka kurekodia wimbo wake, na swali lake la kwanza huwa: ninunue maiki gani? Mimi humuuliza kwanza ataimba katika chumba gani, na saa ngapi. Wengi hudhani ninakwepa swali.

Maiki za bei nafuu ziko za aina mbili. Ya dainamiki ina sumaku, koili ya waya na kiwambo: sauti inasukuma kiwambo, koili inatikisika karibu na sumaku, na umeme mdogo unazalika. Haihitaji kulishwa umeme, na ikianguka sakafuni huokotwa kazi ikaendelea. Ya kondensa ina kiwambo chepesi zaidi, kimekaa karibu mno na bamba la chuma, na ndani yake kuna saketi inayodai umeme wake, kwa kawaida voti 48 zinazotoka kwenye kadi ya sauti, kile kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta. Kwa wepesi wa kiwambo hicho, kondensa hunasa vizuri mlio mwembamba wa nyuzi na pumzi ya mwimbaji.

Mtaani utaambiwa kwamba kondensa hunasa kila kitu, mpaka jogoo wa jirani, na kwamba dainamiki huchagua sauti ya kunasa. Maneno hayo yana ukweli nusu. Kwa sauti ya nguvu ileile, Audio-Technica AT2020, ambayo ni kondensa, hutoa milivoti 14.1 pale ambapo Shure SM58, ambayo ni dainamiki, hutoa 1.85. Ni zaidi ya mara saba. Lakini mara saba hiyo inaikuza sauti yako na inaikuza mvua pia. Ukipunguza nguvu ya kurekodi hadi sauti yako ilingane katika maiki zote mbili, mvua nayo itakaribia kulingana. Maiki haimjui mwimbaji ni nani wala bati ni lipi.

Kinachotenganisha sauti yako na bati ni umbali. Kila unapopunguza kwa nusu umbali kati ya mdomo na maiki, sauti yako hupanda kwa desibeli 6 hivi, huku kelele ya paa ikibaki palepale. Kutoka sentimita 40 hadi sentimita 5 umepunguza nusu mara tatu, yaani umejipatia desibeli 18 bila kutoa shilingi. Dainamiki imejengewa maisha ya namna hiyo. Wavu wake mnene huvumilia mate na mlipuko wa p na b, wakati kondensa ya bei ndogo huchafuka mara ukiisogelea. Sababu ya dainamiki kusikika safi katika chumba chenye kelele ni kwamba inakuruhusu kuibusu. Gharama yake ni kwamba ukaribu huo huongeza besi, na sauti nzito ya kiume huweza kutoka kama inaimba ndani ya pipa. Rudi nyuma kwa upana wa kiganja, au punguza besi baadaye kwenye programu.

Kuna jambo jingine la Rungwe. Wamisionari wa Moravian walianza kazi hapa mwaka 1891, na kwaya za makanisa zimekuwa shule ya muziki kwa vizazi kadhaa. Aliyekulia kwenye kwaya hajazoea kunong'ona. Sauti yake imefunzwa kufika benchi la mwisho. Kwa sauti kama hiyo dainamiki haina shida.

Shida huja kwenye gitaa. Likicharazwa kwa nguvu hutoa sauti ya kutosha. Likidonolewa kwa vidole, taratibu, dainamiki itakulazimisha upandishe nguvu ya kadi ya sauti karibu na mwisho, na kadi ya bei nafuu hapo huanza kutoa mchirizo, lile shhh la nyuma. Kwa mdonoaji wa vidole mwenye chumba kimya nakubali kwamba kondensa ni bora, na hapa sibishani na mtu. Ila chumba kimya chini ya bati hupatikana kwa msimu: Juni mpaka Septemba, na hata hapo ni alfajiri.

Kwa hiyo anayeanza na ana uwezo wa maiki moja tu, ningempa Shure SM57, dainamiki iliyotoka mwaka 1965, au mfano wake. SM58 ilifuata mwaka 1966, na kifaa cha ndani cha kunasia kinatokana na ubunifu uleule. Tofauti kubwa iko kwenye ule wavu wa duara wa SM58. Ukiivalisha SM57 sponji nene, itaimbiwa. Ukiivua, itarekodi gitaa. Ng'ambo huuzwa dola 100 hivi, yaani takribani shilingi 250,000 kabla ya usafiri na ushuru. Asiyeziweza hizo atafute Behringer XM8500, ambayo bei yake huwa karibu robo ya hapo; kwa sauti ya mwimbaji, tofauti haifikii pengo la bei. Ukikuta maiki yenye jina Shure kwa bei ya chipsi na kuku, jua ni bandia. SM57 halisi ina gramu 284 na SM58 gramu 298, kwa hiyo mwombe muuzaji mizani. Uzito sahihi hauthibitishi uhalisi, lakini uzito pungufu humaliza ubishi.

Kisha kuna BM-800, ile yenye umbo la maiki ya redio, inayouzwa na kishikizo chake cha kubana mezani. Hilo si jina la kiwanda kimoja. Wengi huitengeneza, na mbili zenye boksi linalofanana zaweza kuwa na matumbo tofauti kabisa. Mara nyingi ndani ya kichwa kikubwa mna kapsuli ndogo ya elektreti, aina ya kondensa, teknolojia iliyobuniwa na Gerhard Sessler na James West huko Bell Labs, Marekani, mwaka 1962. Si teknolojia mbaya. Kosa ni waya unaokuja nayo, wa kuchomeka moja kwa moja kwenye tundu la maiki la kompyuta, ambalo hutoa voti chache badala ya 48. Sauti hutoka dhaifu, na watu huilaumu maiki. Ipe kadi ya sauti yenye voti 48, hata ile ndogo ya Behringer UM2, uone ilivyo kweli kabla ya kuitupa.

Anayerekodi bila kadi ya sauti atazame Samson Q2U, dainamiki yenye tundu la USB na la XLR pamoja. Leo unaichomeka kwenye kompyuta kwa USB, mwakani ukinunua kadi ya sauti inaendelea na kazi kwa XLR. Ina pia tundu la hedifoni, na hilo lina maana kubwa kwa anayerekodi gitaa kwanza na sauti baadaye, kwa sababu unajisikia papo hapo bila kuchelewa.

Wapo wasioweza kutenganisha. Gitaa na wimbo vimeota pamoja mwilini mwao. Ukiwaambia wapige kwanza waimbe baadaye, mdundo hufa. Kwao nakumbuka kazi ya Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika Mashariki na Kongo akirekodi, na ambaye alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika mwaka 1954. Ndiye aliyemrekodi Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga. Tracey alijulikana kwa kushika maiki mkononi na kuisogeza kadiri muziki ulivyokwenda, akitafuta mizani ya sauti kwa masikio yake. Nawe waweza kuitafuta hivyohivyo: weka maiki moja usawa wa kifua, sentimita 30 au 40 mbele, rekodi beti moja, sikiliza. Gitaa likizidi, inua maiki kuelekea mdomoni. Sauti ikizidi, ishushe. Hapa umbali umeongezeka, kwa hiyo bati nalo limerudi. Fanya kazi hii siku kavu. Sehemu kubwa ya kazi ya Tracey haikufanyika studio, na nje ya nyumba pana faida inayosahaulika, kwamba hakuna kuta za kurudisha mwangwi. Asubuhi tulivu nyuma ya nyumba, kabla upepo haujaanza kuchezea majani ya migomba, huishinda sebule ya saruji.

Ukibaki ndani, usipoteze muda kubandika trei za mayai ukutani. Ni nyembamba na nyepesi mno. Hugusa sauti nyembamba kidogo na kuiacha ile nzito ikivuma kama awali. Tundika blanketi zito nyuma ya mwimbaji, kwa sababu maiki nyingi za aina hii husikia mbele na kuziba nyuma, na mwangwi unaoziingia zaidi ni ule unaotoka nyuma ya kichwa chake. Tabia hiyo ya kuziba nyuma yafaa hata kwa paa. Maiki ikining'inia juu kidogo ya paji la uso, ikitazama mdomo kwa chini, mgongo wake unalielekea bati. Tandika mkeka na blanketi sakafuni. Manyunyu yatapungua; mvua yenyewe haitapungua, basi kanywe chai.

Kwenye gitaa, usiielekeze maiki kwenye tundu, panapovuma besi tupu. Iweke sentimita 20 hivi kutoka freti ya 12 na uigeuze kidogo kuelekea tundu. Kompyuta ifanye kazi kwa betri wakati wa kurekodi, kwani chaja nyingi huingiza mlio wa mmm, hasa nyumba ikiwa haina waya wa ardhi.

Ukiisha kununua kondensa, ihifadhi ndani ya kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Ukungu wa Rungwe huingia hata kabatini, na kiwambo kilichonyonya unyevu hutoa mikwaruzo kama mafuta yanayokaanga. Mara nyingi hupona kikikaushwa siku mbili karibu na jiko, mbali na moshi.