Maduka mawili, faida moja

Hapa Mabamba, kata ya mpakani wilayani Kibondo, mtu husifiwa kwa ukubwa wa mzigo. Lori likishusha katoni mchana kweupe, jina la mwenye duka linavuka mpaka Burundi. Mimi nilifundisha utunzaji wa hesabu sekondari, na tangu nistaafu wenye maduka huniletea madaftari yao niwafungie hesabu za mwaka. Kwa kazi hiyo nimezoea kutotazama rafu. Nataka kueleza ninachotazama, maana nimeona watu wachapakazi wakifunga biashara huku duka limejaa mpaka kwenye dari.

Chukua maduka mawili yanayotazamana sokoni. Tarakimu nimezizungusha ili zisomeke kwa urahisi na wenyewe wasitambulike. Duka kubwa liliuza shilingi milioni 72 kwa mwaka. Mzigo huo uliouzwa ulinunuliwa kwa milioni 60, kwa hiyo faida ghafi ni milioni 12. Kodi ya fremu, kijana wa dukani, usafiri na riba ya mkopo vilikula milioni 9. Ikabaki milioni 3. Duka dogo liliuza milioni 48, mzigo wake ulinunuliwa kwa milioni 42, matumizi yakawa milioni 3. Nalo likabaki na milioni 3.

Faida ni ileile, lakini maduka hayafanani hata kidogo. Katika kila shilingi 100 za mauzo, duka kubwa linapata karibu 17 kabla ya matumizi, na dogo 12 na nusu. Ukishatoa matumizi, kubwa linabakiwa na shilingi 4 na ushei, dogo 6 na robo. Hapo tayari unajua kwamba kubwa linauza kwa bei nzuri, ila matumizi yanalimaliza.

Sasa ingia nyuma ya kaunta uhesabu mzigo. Kazi hii naipenda, ingawa vumbi lake si dogo. Katika duka kubwa nilikuta mabati yaliyoshika kutu pembezoni, vitenge vilivyopaushwa na jua upande wa dirishani, na juisi zilizopitwa na tarehe nyuma ya zile mpya. Mbele kulikuwa na sukari, chumvi na sabuni, vinavyotoka kila siku. Mzigo wote ulikuwa wa milioni 20. Gawanya milioni 60 kwa 20, unapata 3: mzigo unazunguka mara tatu tu kwa mwaka, yaani fedha inalala dukani miezi minne ndipo irudi. Duka dogo lina mzigo wa milioni 3 na nusu. Milioni 42 ukigawanya kwa hiyo unapata 12, kwa maana mzigo unaisha kila mwezi. Mama mwenye duka hilo hanunui kitu ambacho mnunuzi wake hamjui. Aliniambia, “Mwalimu, mimi nikiona kitu kimelala wiki tatu, nakiuza hata kwa bei niliyokinunulia.”

Watu wengi hudhani faida ndogo kwa kila bidhaa ni aibu. Walmart ya Marekani, mmoja wa wauzaji wa rejareja wakubwa zaidi duniani, hubakiwa na dola 2 au 3 tu katika kila 100 inazouza. Inaishi kwa mzunguko.

Kipimo kinachoninyima usingizi ni cha madeni. Duka kubwa lina fedha taslimu milioni 1, linadai wateja milioni 3, na lina mzigo wa milioni 20. Jumla milioni 24. Linadaiwa milioni 20 zinazotakiwa ndani ya mwaka: milioni 14 ni mali kauli, yaani mzigo uliochukuliwa kwa mkopo kutoka kwa wauzaji wa jumla, milioni 6 ni mkopo. Ukigawanya 24 kwa 20 unapata 1.2, na mtu atakwambia hali si mbaya. Toa mzigo, kwa sababu mabati yenye kutu hayalipi deni la Ijumaa. Inabaki milioni 4 mbele ya deni la milioni 20, yaani senti 20 kwa kila shilingi inayodaiwa. Duka dogo lina taslimu milioni 1 na nusu, linadai wateja laki 5, linadaiwa milioni 1. Lina shilingi 2 kwa kila shilingi ya deni, bila kugusa mzigo.

Na hata hizo milioni 3 za wateja huwa nazitazama kwa wasiwasi hapa kwetu. Baadhi ya wanunuzi wa Mabamba wanatoka ng'ambo na fedha yao ni faranga. Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi ilishusha thamani ya faranga kwa kiasi kikubwa. Aliyekuwa amekopesha kwa faranga alilipwa faranga zilezile, lakini hazikutosha kununua katoni zilezile. Kwa hiyo deni la daftarini lisihesabiwe kama fedha mpaka ujue liko kwa fedha gani, na mdaiwa atavuna maharage lini.

Kuna kipimo kimoja kinachoweza kukupoteza. Ukitoa madeni, mtaji wa mwenyewe katika duka kubwa ni milioni 4, na faida ya milioni 3 ni asilimia 75 ya mtaji huo. Katika duka dogo mtaji ni milioni 4 na nusu, faida ni asilimia 67. Kwa hesabu hii kubwa linaongoza! Linaongoza kwa sababu linafanya biashara kwa fedha za watu. Ukipima faida kwa mali yote iliyomo dukani, kubwa linapata asilimia 12 na nusu, dogo karibu asilimia 55. Mkopo huongeza faida ya mwenye duka mwaka ukiwa mzuri, na mwaka ukigeuka humfilisi upesi kuliko jirani yake.

Hili la kufanya biashara kwa fedha za watu halikuanza Mabamba. Kenya ilikuwa na mafahali wawili wa rejareja, Uchumi na Nakumatt, na wote walifika Tanzania. Uchumi ilianzishwa na serikali mwaka 1975, ikafungwa mwaka 2006, ikafufuliwa na kurudi soko la hisa mwaka 2011. Oktoba 2015 ilifunga maduka yake ya Tanzania na Uganda, na mwaka wake wa fedha ulioishia Juni 2015 ulionyesha hasara ya shilingi bilioni 3.4 za Kenya. Nakumatt, iliyotokana na duka la magodoro la Nakuru, ilionekana ndiyo mshindi. Mwaka 2014 ilichukua maduka ya Shoprite hapa nchini. Lakini mzigo wake ulikuwa wa wasambazaji na upanuzi wake ulikuwa wa mikopo. Mwaka 2017 wasambazaji walipoacha kuleta bidhaa, rafu zilibaki tupu. Januari 2020 wadai walipiga kura ivunjwe, ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya. Uchumi, kwa kuwa ilikuwa kwenye soko la hisa, hesabu zake zilichapishwa na yeyote angeweza kugawanya kama tulivyogawanya hapa. Nakumatt ilikuwa mali ya watu binafsi, na aliyekuwa nje alibaki kuipima kwa wingi wa matawi yake.

Ningeulizwa nimkopeshe nani akiba yangu kati ya majirani zangu wawili, ningempa yule mama wa duka dogo. Mwenye duka kubwa ningemwambia auze mabati na vitenge kwa hasara, alipe wauzaji wa jumla kwanza, wala asikimbilie mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya kunyonya, kuziba pengo. Bado anaweza kupona, kwa sababu wateja anao.

Nawe mwenye duka unayesoma, funga Jumapili moja jioni, hesabu mzigo kipande kwa kipande, na andika pembeni unachodaiwa na siku ya kulipa. Sukari na sabuni unazopeleka nyumbani ziandike pia, maana nazo ni fedha ya duka. Kisha gawanya kabla hujaagiza mzigo mwingine.