Fahamu: Kwa nini upasuaji uleule hutofautiana bei Kigali

Upasuaji wa kutwa, yaani ule ambao mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo bila kulazwa, kama vile kuondoa mtoto wa jicho, hutofautiana gharama kulingana na mahali unapofanyika. Mkazi wa Nyarutarama, mtaa wa Kigali, mwenye Mutuelle de Santé, bima ya afya ya jamii inayosimamiwa na Bodi ya Hifadhi ya Jamii (RSSB) tangu 2015, akipewa rufaa na kituo cha afya kwenda hospitali ya wilaya, huchangia asilimia 10 ya gharama, ilhali katika kliniki binafsi, ambako kwa kawaida bima hiyo haipokelewi, hulipa zote. Kwa kuwa Januari 2025 Baraza la Mawaziri liliidhinisha viwango vipya vya bei, mgonjwa na aulize gharama kabla ya kupanga siku.