Port Bell: Chupa ya Bia Hurudi, ya Maji Huelea

Jumapili Port Bell husahau kidogo kwamba ni bandari. Watu wa Kampala hushuka Luzira kwa teksi na bodaboda, wakapita magereza na kiwanda cha bia, wakafika ziwani kutafuta upepo, muziki na samaki. Mwenye hamu ya kupanda boti anapanda. Asiye nayo anakaa kivulini akingoja sato wake, ambaye hapa huitwa ngege, atoke kikaangoni. Mezani kuna soda, bia, maji ya chupa, na pengine kaveera (mfuko wa plastiki) iliyobeba rolex ya njiani, ile chapati ya mayai inayouzwa ingali moto na jasho lake likabaki ndani ya plastiki. Hatua chache tu kutoka mezani, chupa na kaveera za watu wengine zinapigwapigwa na mawimbi kwenye magugu.

Hapo ubishi hauhitaji kuchokozwa. Plastiki za kutumia mara moja zikiondolewa, mtu atabebea nini chakula cha wanawe? Mwenye jiko atafunga nini chipsi, na hiyo gharama ya karatasi ataibeba nani kama si mlaji? Wapo wanaosema tatizo si plastiki bali ni tabia, watu wafundishwe kutumia pipa. Na wapo, wengi tu, wanaoona kwamba mgeni wa Jumapili anaonewa: yeye ana chupa moja, ilhali ziwa linaletewa shehena nzima kutoka mjini.

Hawa wa mwisho wana hoja nzito kuliko wanavyodhani. Mfereji wa Nakivubo hukatiza katikati ya Kampala, ukapitia kando ya masoko, gereji na viwanda, ukaelekea Bugolobi, kisha ukamwaga kila ulichobeba kwenye kinamasi kilicho kati ya Bugolobi na Luzira. Zamani mafunjo ya kinamasi kile yalifanya kazi ya chujio bila kulipwa na mtu. Sasa sehemu kubwa imelimwa magimbi na kujengwa, na mvua kubwa ikinyesha, uchafu hausubiri kuchujwa. Unafululiza hadi Ghuba ya Murchison. Ng'ambo ya ghuba hiyohiyo kuna Ggaba, ambako Shirika la Taifa la Maji huvuta maji, likayasafisha na kuyarudisha kwenye mabomba ya jiji. Kwa hiyo kaveera iliyotupwa sokoni Jumatatu inaweza kumfuata mwenyewe kwa njia mbili, ufukweni na jikoni.

Samaki nao wamo. Watafiti walionunua sangara na sato katika soko la Mwanza, upande wa Tanzania wa ziwa hili, walikuta vipande vidogo vya plastiki tumboni mwa samaki mmoja kati ya watano. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2016.

Tukija kwenye sheria, Uganda ilitangulia majirani wengi. Kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka 2009 ilipiga marufuku kuingiza, kutengeneza na kutumia kaveera. Mwaka 2012 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na asasi ya Greenwatch, ilitamka kwamba mifuko hiyo inavunja haki ya raia ya kuishi katika mazingira safi. Mwaka 2015 mamlaka ya mazingira, NEMA, ikaingia madukani kukamata. Mwaka 2019 ikaja Sheria mpya ya Mazingira, nayo ikakataza kaveera nyembamba kuliko mikroni 30.

Mikroni 30 ni chini ya nusu ya unene wa unywele wa mtu. Sasa mweke askari wa jiji mbele ya jiko la rolex, mwambie atenge kaveera halali na kaveera haramu kwa macho. Hawezi. Mwenye jiko hawezi pia, na aliyemuuzia kwa jumla hana sababu ya kujua. Sheria inayohitaji kipimo cha maabara kwenye kila kibanda imeandikwa ili ishindwe, hata kama walioiandika hawakukusudia hivyo.

Majirani hawakuhangaika na unene. Rwanda ilifunga mlango mwaka 2008. Kenya ilifunga tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu inayofika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka minne. Tanzania Bara ilifuata tarehe 1 Juni 2019, miaka mingi baada ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 2006. Wote hao wana mianya yao: huko Tanzania vifungashio laini vilivyoachwa kwa ajili ya bidhaa viligeuzwa mifuko ya kubebea, ikabidi serikali ianze kuvifukuza upya. Lakini katika nchi hizo mtu wa kawaida anajua lililokatazwa ni lipi, na anajua anapofanya kosa.

Kenya ilikwenda mbele zaidi, na hapo ndipo wageni wa Port Bell wangejifunza jambo. Tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za maji za plastiki, mirija, vikombe na sahani za kutupa haviruhusiwi katika hifadhi za taifa, misitu na fukwe zilizo chini ya ulinzi. Aendaye kutazama simba hubeba chupa yake ya kujaziwa, na simba wanaonekana vilevile. Siri ya hifadhi ni lango: kuna askari, kuna kiingilio, mkoba unaweza kukaguliwa. Ufuko wa wazi hauna mlango, na huko katazo husimamiwa kwa shida. Fukwe nyingi za starehe kandokando ya Kampala zina lango na hutoza kiingilio. Njia ya Kenya, kwa maana hiyo, wenye fukwe hizo wanaweza kuifuata leo, bila kusubiri Bunge.

Hata kampuni ya Disney, yenye viwanja vikubwa vya michezo kuliko tunavyoweza kuota huku, ilitangaza mwaka 2018 kwamba itaondoa mirija ya plastiki. Mrija wa karatasi, tuseme ukweli, hulegea kabla soda haijafika nusu. Lakini mtu mzima anaweza kunywa soda bila mrija; tulikunywa hivyo zamani.

Hata hivyo mrija na mkoba wa mgeni si kiini cha jambo. Jibu limo katika Port Bell yenyewe, na lina umri mkubwa kuliko wengi wanaobishana. Kiwanda cha Uganda Breweries kipo hapa tangu mwaka 1946, na bia yake ya Bell imechukua jina la bandari, ambayo nayo iliitwa kwa jina la gavana Hesketh Bell. Tazama meza ambayo watu wamekunywa bia na maji. Mhudumu anapokuja kusafisha, chupa za bia anazihesabu. Anazipanga kwenye kreti moja moja, maana kreti isiyotimia ina hasara: mwenye baa akienda kuchukua mzigo mpya bila chupa tupu, analipa pesa ya chupa. Chupa ya maji haihesabiwi na mtu. Upepo ukivuma, imekwenda ziwani.

Mnywaji ni yuleyule, meza ni ileile, na malezi aliyopewa na mama yake hayakubadilika kati ya bia na maji. Tofauti ni kwamba chupa moja ina bei baada ya kunywewa na nyingine haina.

Wapo vijana wanaookota chupa za plastiki na kuziuza kwa kilo, na bila wao hali ingekuwa mbaya zaidi. Lakini chupa ya plastiki ni nyepesi. Inabidi kujaza gunia ili kupata fedha kidogo, na iliyojaa tope mnunuzi huikataa. Kaveera ndiyo haina mnunuzi kabisa. Ujerumani ilianza kutatua tatizo la chupa mwaka 2003 kwa kuweka pesa ya kurudishwa juu ya chupa za kutupa; leo ni senti 25 za yuro, ambazo mnywaji hurudishiwa akiipeleka chupa dukani. Asiyetaka kuirudisha huiacha kando ya pipa, na hakosi mtu wa kuichukua.

Glasi ina ubaya wake, sikatai. Ni nzito kusafirisha, hupasuka, na mtoto akikanyaga kipande mchangani siku imeharibika. Ndiyo maana sidai kila kitu kirudi kwenye glasi. Ninachodai ni bei ya kurudisha.

Na wale wanaosema pipa linatosha wakumbuke Kiteezi. Mwezi Agosti 2024 mlima wa taka za Kampala uliporomoka huko na kufukia nyumba, wakafa watu zaidi ya 30. Pipa la Port Bell halimalizi taka. Huzihamishia tu kwa watu wengine, maskini zaidi.

Pa kugusa ni kiwandani, na kwamba kiwanda kinaweza kuguswa na sheria, Uganda imeshaonyesha. Waragi wa vifuko vidogo vya plastiki, uliokuwa ukitapakaa kila kituo cha teksi, ulipigwa marufuku mwaka 2019 na pombe kali ikaamriwa iuzwe kwenye chupa isiyopungua mililita 200. Tanzania ilifanya hivyo kwa viroba tarehe 1 Machi 2017. Vifuko vile havikupungua barabarani kwa sababu ya semina za usafi. Vilipungua kwa sababu viwanda viliambiwa viache, na viwanda vina anwani, leseni na hesabu za kodi, tofauti na mama anayeuza chipsi.

Basi waheshimiwa wabunge, ondoeni hizo mikroni 30, ambazo hakuna askari anayeweza kuzipima. Wekeni pesa ya kurudishwa juu ya kila chupa ya maji na soda ya plastiki, na mwajibisheni anayeijaza kuipokea inaporudi. Nanyi wenye fukwe za Port Bell, msisubiri: mna lango, mna tiketi, na mfumo wa kreti mnauendesha kila siku. Anzeni kwa kumtoza mgeni pesa ya chupa mlangoni na kumrudishia anapotoka nayo.