Kinachopakwa na kinachonywewa

Bibi harusi wa Unguja au Pemba, siku chache kabla ya ndoa, huchuliwa, husingwa na kufukizwa udi na somo wake. Mambo hayo hayo sasa huuzwa kwa wageni katika vituo vya mapumziko vya pwani ya Zanzibar. Karafuu, mawaridi, asumini na mlangilangi hupondwa kinuni kuwa singo mgeni akitazama, na baadaye huletewa gilasi ya manjano au juisi za kusafisha mwili. Kama mfamasia, nafurahi kuona ujuzi wa kina mama hawa ukithaminiwa na kulipwa. Lakini bei moja hujumlisha vitu viwili tofauti kabisa: kinachobaki kwenye ngozi na kinachoingia tumboni. Mwenye maradhi ya kudumu anahitaji kuvitenganisha mapema.

Singo hainipi wasiwasi mkubwa. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni yujenoli, kemikali inayotia ganzi na kuua vijidudu, na madaktari wa meno wameitumia pamoja na oksidi ya zinki tangu karne ya 19. Ndani ya singo makali yake ni madogo, kwa kuwa karafuu imepondwa nzima na kuchanganywa na maua. Mafuta yenyewe, kama yale yanayotolewa kwenye makonyo huko Pemba, ni habari nyingine: yakipakwa matupu huunguza ngozi, na watoto wadogo waliomeza kijiko kimoja au viwili vya chai wamewahi kuharibika ini. Mwenye pumu naye aombe asifukizwe. Ama kuchuliwa, kunapunguza maumivu ya mgongo, japo nafuu yake mara nyingi ni ya muda mfupi. Kisha kuna kile ambacho zahanati zetu zenye foleni ndefu hushindwa kukitoa: saa nzima na mtu anayekuuliza unalalaje, unakula nini na nini kinakusumbua moyoni. Hiyo ni sehemu ya tiba, na waganga wetu wa jadi wamekuwa wakiijua siku zote.

Tumboni mambo hubadilika. Chukua manjano. Kurkumini, kiini chake kinachosifiwa, hunyonywa kidogo mno na utumbo. Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa watu wenye afya gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini, kiini cha ukali wa pilipili manga, na upatikanaji wake mwilini ukapanda takriban mara 20. Tangu hapo pilipili manga imekuwa mwenzi wa manjano katika vinywaji na vidonge vingi vya afya. Sasa tazama inavyofanya kazi. Utumbo na ini ni kama forodha: vimeng'enya vyake hukagua kila kinachoingia na kuvunja sehemu yake kabla hakijasambaa mwilini. Piperini hulegeza ukaguzi huo, na haichagui mzigo wa nani. Katika majaribio ilipandisha pia kiwango cha propranololi, dawa ya moyo na shinikizo la damu, na cha fenitoini, dawa ya kifafa. Sisemi uache pilau. Nazungumzia dozi zilizokolezwa, hasa vidonge; vile vya manjano vimehusishwa pia na watu kuumia ini.

Juisi ya balungi ina tabia inayokaribiana na hiyo, na iligunduliwa kwa bahati. Mwishoni mwa miaka ya 1980, David Bailey, mtafiti wa Canada, aliitumia kuficha ladha ya pombe katika jaribio la felodipini, dawa ya shinikizo la damu. Dawa ikaonekana nyingi mno kwenye damu, na ikabainika kwamba sababu ni juisi.

Hatari ninayoiogopa zaidi, hata hivyo, haitoki kwenye mmea wowote. Ni mfungo wenyewe, pale juisi za kusafisha mwili zinapochukua nafasi ya chakula. Mtu mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamaidi akiacha chakula na kuendelea na dozi ile ile, sukari yake inaweza kushuka usiku hadi akazimia. Na kile anachoambiwa kitasafishwa, figo na ini lake tayari vinakisafisha kila siku, bure.

Wala sisemi mimea haifanyi kazi. Rozela, ambayo wengine huiita choya, imejaribiwa vizuri: katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, watu wazima 65 waligawanywa, wengine wakanywa vikombe 3 vya chai yake kwa siku kwa wiki 6. Namba ya juu ya shinikizo la damu ilishuka kwa wastani wa 7.2 kwao, na 1.3 kwa waliopewa kinywaji cha kuigiza. Huo ni uwezo wa kweli, na kwa sababu hiyo hiyo anayemeza dawa za presha anaweza kupata kizunguzungu akiiongeza kimyakimya.

Tanzania Bara ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu 2002, Zanzibar tangu 2008, na Muhimbili imekuwa ikichunguza mitishamba tangu 1974. Kwa hiyo si utovu wa adabu kumuuliza mtoa huduma kama amesajiliwa, mmea unaitwaje, ni sehemu gani iliyotumika na kwa kiasi gani. Mganga mzuri hujibu kwa fahari. Nenda na dawa zako ndani ya pakiti zake umwonyeshe. Mjamzito aseme kabla ya kunywa chochote, na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiguse dozi kubwa za tangawizi, kitunguu saumu au manjano bila kumwambia daktari wake. Ukiwa na miadi ya upasuaji, mwambie daktari ulichokunywa, na vidonge vya mitishamba uviache wiki 2 kabla.