Filamu Haina Deni la Kila Ukurasa

Vijana wa Aru na Ariwara, huku Kongo, wanaotaka kugeuza riwaya za kisayansi kuwa filamu huja na swali lile lile: nifanyeje ili kitabu chote kiingie, kisipungue kitu? Ni swali baya. Linaua kazi kabla kamera haijawashwa.

Wengi hutaja Dune, mfululizo ulioanzishwa na Frank Herbert mwaka 1965. Basi tuitazame. Mwaka 1984 David Lynch alikishindilia kitabu cha kwanza ndani ya dakika 137, na mawazo ya wahusika akayaweka kama minong'ono juu ya picha. Watazamaji walipotea njia, na filamu ikaanguka sokoni. Denis Villeneuve alikigawa kitabu hicho hicho katika filamu mbili, ya 2021 na ya 2024, zaidi ya saa tano kwa jumla, na bado alikata. Kitabuni, Alia, dada yake mhusika mkuu Paul, anazaliwa na kumuua adui yao, Baroni, akiwa mtoto mdogo. Kwa Villeneuve bado yumo tumboni, na Paul ndiye anayeua. Kama saa tano hazikutosha, dakika zako tisini zitatosha nini?

Tuje karibu na kwetu. Cinq semaines en ballon, yaani Wiki tano katika puto (1863), ndiyo riwaya ya kwanza katika mfululizo mkubwa wa Jules Verne. Puto la Daktari Fergusson na wenzake linaondoka Zanzibar, linapita Kazeh, yaani Tabora ya leo, linavuka Ziwa Victoria na kuufuata mto Nili kuelekea kaskazini. Pale Kazeh watu wanalidhani kuwa mwezi. Kwingineko wasafiri wanafananisha nyani na wenyeji, kisha wanafanya mzaha kwamba kwa mbali tofauti ni ndogo. Wewe unayetaka kufuata kila ukurasa, nani hapa Aru utamwomba aigize hayo? Huo si uaminifu, ni kubeba matusi ya mtu mwingine na kuyalipia gharama.

Vilevile Verne anatumia sura nzima kueleza jinsi Daktari Fergusson anavyopasha joto gesi ya puto. Kamera inataka moto uwake, puto lipande. Basi. Wala msiniletee dawa ya msimulizi anayesoma kitabu juu ya picha. Hiyo ni redio.

Kinachostahili kufuatwa ni swali linaloisukuma hadithi. Kwa Verne mimi naliona hivi: anayeitazama nchi kutoka juu anaijua kweli? Weka kamera chini, kwa watu wa Kazeh, na riwaya ile inazaliwa upya.

Utekelezaji, kwa haraka. Sheria ya Kongo namba 86-033 ya mwaka 1986 inalinda haki za mwandishi, kwa hiyo usiguse Dune bila mkataba wa maandishi. Verne alifariki mwaka 1905, riwaya zake ziko huru, ila tafsiri mpya yaweza kuwa na mwenyewe. Chukua kitabu kimoja, usichukue mfululizo. Usijenge puto: onyesha kivuli chake kikipita juu ya shamba la mihogo. Nunua maikrofoni kabla ya droni. Waache wahusika waseme Kiswahili, Lingala na Kilugbara. Anza na filamu fupi: Pumzi ya Mkenya Wanuri Kahiu (2009) ilijenga dunia nzima ya baadaye kwa dakika zipatazo 20.

Kisha funga kitabu, uandike swali lake kwa sentensi moja, ukate kila onyesho lisilolihusu. Ukishindwa kuiandika sentensi hiyo, usianze kupiga picha.