Mwisho wa Treni za Mvuke Lancashire (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia Septemba 15, 1830, siku ilipofunguliwa reli ya Liverpool na Manchester. Leo turuke zaidi ya miaka 130 mbele, kwa kuwa mvuke wa reli za Uingereza ulizimikia eneo hilohilo.

Mwaka 1955 Shirika la Reli la Uingereza lilitangaza mpango wa pauni milioni 1,240 wa kuhamia dizeli na umeme. Cha ajabu, liliendelea kuunda vichwa vipya vya mvuke. Cha mwisho, Evening Star, kilitoka karakana ya Swindon Machi 1960, na kufikia 1965 kilikuwa kimeshaondolewa kazini. Ufujaji huo sioni wa kuutetea.

Wapo wanaosema mvuke uliuawa na uzee. Evening Star inawakanusha. Kilichouponza zaidi ni kazi yenyewe. Moto uliwashwa saa nyingi kabla ya safari, maji yachemke taratibu. Njiani mchochea moto alitupia makaa ya mawe kwa koleo, tani kwa tani. Injini ikirudi shedi, kulikuwa na kukwangua mabonge ya makaa yaliyogandana tanurini, kuzoa majivu chini ya injini, kisha kufungua mlango wa mbele na kuchota masizi huku upepo ukimrudishia mtu usoni. Viwanda vya jirani vilikuwa na kazi safi zaidi. Kijana gani angebaki?

Hadi kiangazi cha 1968 zilisalia shedi tatu tu za mvuke, zote Lancashire: Carnforth, Lostock Hall karibu na Preston, na Rose Grove mjini Burnley. Injini zilikuwa chafu, nyingine zimeng'olewa vibao, namba zimeandikwa kwa rangi. Jioni ya Agosti 3 treni za mwisho za kawaida za abiria ziliondoka Preston, moja kwenda Blackpool, nyingine Liverpool. Agosti 11 ikafuata safari maalumu ya kuaga, Liverpool hadi Carlisle na kurudi, kwa nauli ya pauni 15 na shilingi 15. Watu walijipanga kandokando ya reli kama wanaosindikiza jeneza. Baada ya hapo shirika likapiga marufuku mvuke kwenye njia zake kuu.

Msiba huo ulitugusa na sisi wa Afrika Mashariki. Kiwanda cha Beyer, Peacock cha Gorton, Manchester, ndicho kilichotuundia injini 34 za mvuke aina ya Garratt, za daraja la 59, katika miaka ya 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima yetu. Hazikuwahi kuundwa injini za mvuke zenye nguvu kuzishinda kwa reli ya upana wa mita moja. Kiwanda kilifungwa 1966, huku injini zake zikiendelea kupandisha mizigo kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Mojawapo, Mount Gelai, imo Makumbusho ya Reli Nairobi. Wiki ijayo tutaanza na hiyo. Aliye karibu akaione kwanza.